Imani na Kazi Zake Katika Siku Hizi: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme nanyi juu ya imani ya dini katika nyakati hizi, ambapo mambo mengi ya watu huendeshwa pasipo kuuliza mtu ni wa dini gani. Hatukuagizwa tuhubiri, wenye kazi hiyo wapo, na baadhi yao wameketi humu pamoja nasi. Sababu ya agizo hili ni hoja ya nane katika karatasi mliyopewa mlangoni, inayohusu sharti la barua ya kiongozi wa dini katika mfuko wetu wa mazishi. Hoja yenyewe ni ya mistari mitatu tu. Lakini nyuma yake liko jambo kubwa, nasi twaona haifai watu wainue mikono kabla jambo hilo halijazungumzwa peupe.

Twasikia mara nyingi, hasa vinywani mwa watu wa umri wetu, kwamba dini imekwisha na kwamba vijana hawamjui Mungu. Tuanze basi na hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Wakenya 922,128 waliandikwa kuwa hawana dini. Katika hesabu ya mwaka 2019, ijapokuwa watu wa nchi walikuwa wameongezeka kutoka milioni 38 na zaidi hadi milioni 47 na zaidi, walioandikwa hivyo walikuwa 755,750, yaani hawafiki wawili katika kila mia. Ni kweli kwamba mwaka 2016 serikali iliandikisha chama cha watu wasioamini kuwako kwa Mungu, jambo ambalo baba zetu wasingalilidhania. Lakini chama kuandikishwa ni jambo moja, na nchi kuacha dini ni jambo jingine. Anayesema kwamba watu wameikimbia dini hana tarakimu za kumsaidia. Na asiyependa tarakimu, basi asimame siku ya Jumapili asubuhi mjini Wote, au Mwingi, au Kibwezi, ahesabu vipaza sauti.

Hata hivyo wanaolalamika hawakuota ndoto. Kitu kimebadilika, nao wakiona. Twadhani tu kwamba wamekiita kwa jina lisilo lake. Dini haikupungukiwa na watu. Imepunguziwa kazi. Kazi nyingi ilizokuwa ikizifanya zamani sasa zafanywa na wengine, na swali lililo mbele yetu ni hili: zikiisha kuondolewa zote zinazoweza kuondolewa, ni ipi itakayobaki, nayo yafaa ifanywe namna gani?

Marehemu Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango katika Kitui mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Waafrika kwamba kwa wazee wetu hapakuwa na mpaka kati ya mambo ya dini na mambo yasiyo ya dini. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga, akiona kwamba wasomi wa namna hiyo wameivisha miungu ya Afrika mavazi ya kigeni. Hatutaamua shauri la mabingwa hao wawili. Ila wazee waliomo humu hawahitaji kitabu ili wajue habari za Ukambani. Lugha yenyewe yashuhudia. Neno ndini tulitumialo katika Kikamba ni lile neno dini la Kiswahili, nalo Kiswahili kililipata kwa Waarabu. Kabla ya hapo mambo yenyewe yalikuwako, lakini hayakuwa yametengwa na maisha mengine hata yakahitaji jina la peke yao. Mvua ilipokawia, wazee walikwenda ithemboni kutoa sadaka, na akina mama wakacheza kilumi. Unajisi ulipoingia nyumbani, mjuzi alitengeneza ng'ondu. Shamba lilipogombaniwa hata maneno yakaisha, kililetwa kithitu. Kilimo, uganga na uamuzi wa mashauri, vyote vilipita mlango mmoja.

Wamisionari walipokuja walijenga mlango wao kando ya ule, nao ukawa mpana vilevile. Walutheri Wajerumani walifika Ikutha mapema katika miaka ya 1890. Peter Cameron Scott wa African Inland Mission alifika Nzaui Desemba 1895, akafa baada ya mwaka mmoja tu. Mapadre wa Kiltegan kutoka Ayalandi walikabidhiwa Kitui mwaka 1956. Wakamba waliochoka kuongozwa na wageni kanisani walianzisha African Brotherhood Church mwaka 1945, chini ya Nathan Ngala. Hawa wote walitofautiana katika mengi, lakini desturi yao ilikuwa moja: penye kanisa palikuwa na darasa, na penye darasa aghalabu palikuwa na dawa. Aliyetaka kusoma alibatizwa. Aliyebatizwa na kusoma alipata kazi. Hatutathubutu kusema kwamba kila aliyeingia majini siku zile aliongozwa na Roho peke yake.

Tazameni sasa jinsi kazi hizo zilivyoondoka, pasipo vita wala makelele. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki wadhamini. Katiba ya mwaka 2010 yamtaja Mwenyezi Mungu katika dibaji yake, kisha katika kifungu cha 8 yasema kwamba hapatakuwa na dini ya taifa. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 zilipewa zahanati na hospitali zetu, na mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wa matibabu ambao kila nyumba ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka. Hapana aliyeulizwa anasali wapi. Tangu mwaka 2018 wazee waliotimiza miaka 70 wamekuwa wakiandikishwa kupokea shilingi 2,000 za serikali kwa mwezi. Hukawia wakati mwingine, mwajua ninyi kuliko sisi, lakini hazipiti sakristia. Na kijana aliye Nairobi au Mombasa humtumia mama yake fedha kwa simu, jambo lililoanza mwaka 2007, wala mama hahitaji tena katekista wa kumwandikia barua.

Je, tusikitike? Sisi hatusikitiki. Yako majina ya njaa ambayo wazee huyataja kama watajavyo majina ya watu. Ngomanisye ya miaka 1898 na 1899, ile iliyofika kila mahali, ilikuja pamoja na ndui, ikawakuta watu hawana wa kumwendea ila Mungu na jirani, na jirani naye alikuwa akifa. Nikw'a Ngwete ya mwaka 1984, ambayo jina lake lasema kwamba mtu hufa na fedha zi mkononi, ilikuta kuna serikali ya kuagiza mahindi ya manjano ng'ambo, na makanisa yalikuwa miongoni mwa waliosaidia kugawa chakula. Ilikuwa njaa kali, na waliopanga foleni wako humu. Lakini hapana mwenye akili atakayetamani ile ya kwanza irudi ili watu wapate sababu zaidi za kuomba. Ikiwa dini ilikuwa na nguvu kwa kuwa hapakuwa na dawa, basi ile haikuwa nguvu ya dini. Ilikuwa upungufu wa dawa.

Twapenda mfikiri zaidi juu ya habari ya maji, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu wamefanya jambo ambalo wageni hutoka mbali kulitazama. Mwaka 1978 kikundi cha Utooni, upande wa Kola, kilianza kazi yake chini ya Joshua Mukusya. Na katika Kitui, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji kujenga mabwawa ya mchanga kwa mamia. Wengi wenu mmeyajenga kwa mikono yenu. Ukuta wa mawe na saruji huwekwa juu ya mwamba katika mto wa msimu. Mvua inyeshapo, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga yakiwa yamefichwa na jua. Kiangazi kikishika, watu huchimba kidogo au huvuta kwa pampu, na maji yapo. Ukuta huo hauombi sadaka. Ukijengwa vibaya utapasuka, hata aliyeujenga akiwa mtakatifu. Ukijengwa vizuri utasimama, hata aliyeujenga akiwa mlevi. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuueleza mwanzo hata mwisho pasipo kutaja jina la Mungu.

Basi wako waliosema kwamba ukuta umeirithi ithembo, na kwamba mambo ya sala yamekwisha. Sisi twauliza neno moja: yale mawe yalibebwa na nani? Yalibebwa na mwethya. Na katika kila mwethya wamo watu ambao mashamba yao yako mbali juu mlimani, ambao hawatateka hapo hata ndoo moja, nao walikuja siku zao zote sawasawa na wale wa ukingoni. Mhandisi aweza kupima mwamba, kina cha mto na kiasi cha saruji. Hana kipimo cha kumwonyesha mama wa mlimani kwa nini aamke alfajiri kwa ajili ya maji ya mwenziwe. Wengine huja kwa kuona haya mbele ya majirani. Wengine kwa kutumaini kwamba zamu yao itafika. Na wengine, hatuna shaka, kwa sababu waamini kwamba yuko anayeona. Hatutaki kuvichanganya vitu hivyo vitatu na kuviita vyote dini. Haya ni kitu kizuri, na tumaini la zamu ni kitu kizuri. Lakini majirani wanaweza kuhama, na zamu yaweza isifike kamwe, na hapo ndipo yule wa tatu ajulikanapo.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika habari ya kiapo. Zamani wenye kugombania mpaka walipopelekwa mbele ya kithitu, aliyeapa uongo alijua kwamba mauti yatamfikia yeye au watu wa nyumba yake kabla ya muda uliowekwa. Kiapo hakikuwa cha mtu mmoja, kilifunga ukoo. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe wa Wakamba kwa kisingizio cha kuokoa ardhi, na watu wakaenda kwa miguu hadi Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, kiapo kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowashikamanisha, hata baada ya Mbingu mwenyewe kuhamishiwa Lamu. Leo mbele ya hakimu shahidi huapa akishika Biblia au Kurani, na asiyetaka kuapa kwa jina la Mungu sheria yamruhusu athibitishe maneno yake bila kiapo. Katiba, katika kifungu cha 159, yahimiza pia njia za jadi za kusuluhisha mashauri, mradi zisipingane na haki za watu. Kithitu basi hakikufa. Kila mara magazeti hutuambia kwamba mahali fulani ndugu wawili wametishiana nacho kwa sababu ya shamba.

Sisi hatumwiti mtu yeyote arudi kwenye kithitu, kwa maana kilimwadhibu mtoto kwa uongo wa babu. Lakini tutazame kilichokuwa kikitafutwa. Walitafuta namna ya kumfanya mtu aseme kweli mahali ambapo hapana shahidi. Haja hiyo haikuondoka kwa kuja kwa mahakama, wala kwa kuja kwa simu yenye kuandika kila senti. Mweka Hazina wetu ana stakabadhi za fedha zote zilizoingia. Hana stakabadhi za fedha ambazo hazikuingia kwa kuwa mwanachama alisema mavuno yake yalikauka, hali hayakukauka. Hana stakabadhi za saa ambazo mjumbe aliketi karibu na mgonjwa, wala za zile ambazo alisema ameketi naye na hakwenda. Chama hiki, pamoja na vitabu vyake vyote, chasimama juu ya maneno ya watu ambao hapana awezaye kuwachunguza. Hiyo ndiyo kazi ambayo twaona haikuhamishwa kwa ofisi yoyote, wala hatuoni namna itakavyohamishwa. Nyingine ni ndugu yake: kukaa na mtu ambaye hatalipa.

Ni haki tuseme pia kwamba wenye dini wenyewe hawakuilinda kazi hiyo sikuzote. Mwaka 2023 nchi yote iliona yaliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi: miili zaidi ya 400 ya watu, na wengi wao walikuwa wamefunga chakula hata wakafa, wakiambiwa kwamba ndiyo njia ya kumwona Mungu. Waliokwenda kuifukua walikuwa watumishi wa serikali, hiyo ambayo wengine huilaumu kwa kutokuwa na dini. Anayetaka imani isiyoulizwa swali na mtu yeyote, na akumbuke msitu ule. Tena, katika mwaka 2024, vijana wa nchi hii walipoandamana kwa sababu ya mswada wa fedha, waliyanyoshea makanisa kidole kwa kuwa wanasiasa walikuwa wakisimama madhabahuni na mabunda ya noti. Yalikuwa maneno makali kutoka kwa watoto wetu, na wazee wengi walikasirika. Lakini Novemba ya mwaka uleule Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha zilizotolewa namna hiyo katika parokia moja zirudishwe. Twaona vijana wale, ambao wengi wao hatuwaoni ibadani, walilikumbusha kanisa jambo la dini.

Kumbukeni pia mwaka 2020. Machi, nyumba za ibada zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Julai zikafunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na waliopita umri wa miaka 58 wakae nyumbani. Baraza la dini mbalimbali lililotunga masharti hayo liliongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, ambaye kabla ya hapo alikuwa Askofu wa Kitui, mtu tunayemjua. Walifanya kwa hekima. Lakini kwa miezi ile mzee wa Ukambani, ambaye maisha yake yote aliitwa nguzo ya kanisa, aliambiwa asije. Ibada ilimfikia kwa redio. Maji, dawa na unga havikumfikia kwa redio, na kila mmoja wenu aliyepita umri huo anajua ni nani aliyebisha hodi mlangoni pake. Anajua pia kwamba wengine miongoni mwao hawakuwa na daftari la zaka mahali popote.

Wengi wetu hupita Makindu tuendapo Mombasa. Liko pale hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 katika mji ule wa reli, na watu waliolijenga waliletwa Ukambani na reli hiyo. Msafiri yeyote hupokewa, akala, na akitaka kulala hulala, pasipo kudaiwa malipo. Atakiwalo ni kuvua viatu, kufunika kichwa, na kuacha pombe na tumbaku nje. Haulizwi dini yake, wala haombwi barua. Tumekula pale, dereva wa lori upande huu na mwalimu wa madrasa upande huu, dengu zilezile na chapati zilezile. Masingasinga ni wachache sana katika Makueni. Hapana atakayesema kwamba hula kura kwa chapati hizo, au kwamba wanavuna waumini. Yaonekana wafanya hivyo kwa kuwa imani yao yawaambia wafanye hivyo, na basi. Katika wilaya zetu zenye makanisa kila ukingo, twaona mfano huo haujatazamwa vya kutosha.

Sasa twaja kwenye hoja. Kanuni yetu yasema kwamba fedha za mazishi zitatolewa baada ya kuletwa barua ya mchungaji, padre au imamu wa marehemu. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na sababu njema. Karatasi za kifo zilikuwa ngumu kupatikana vijijini, na mchungaji ndiye aliyejua nani amekufa na nani ni mjane wake wa kweli. Leo iko karatasi ya hospitali, kiko kibali cha mazishi, iko barua ya chifu. Barua ya dini haithibitishi tena kifo. Yathibitisha jambo moja tu, kwamba marehemu alikuwa na dini na hakuwa na deni kwake.

Mwaka huu alifariki mwanachama ambaye hatutamtaja, kwa heshima ya nyumba yake. Alilipa ada zake miaka yote, na kila alipofiwa mwingine alikuwa wa kwanza kuchimba kaburi. Kanisa alilobatizwa lilikuwa limemfuta katika orodha yake kwa kuwa aliacha kuhudhuria, na viongozi wake walikataa kuandika neno lolote. Mweka Hazina alifuata kanuni kama ilivyoandikwa, wala hana lawama. Siku zikapita, gharama ya chumba cha maiti ikapanda kila siku, na watoto wake wakawa wakipiga simu asubuhi na jioni. Mwishowe wazee wa mbai yake walichanga, wakamtoa, wakamzika kwa heshima. Mmoja wao aliomba kaburini, nasi tuliokuwapo tuliitikia amina. Fedha za chama zilitolewa baada ya siku saba, Halmashauri ilipokutana na kukubali sahihi za wazee hao mahali pa barua.

Wanachama wetu Waislamu wana shida nyingine katika kanuni hiyohiyo. Wao huzika upesi, siku ileile ikiwezekana, na barua ikitafutwa na Halmashauri ikingojewa, maiti yuko kaburini tayari na deni liko juu ya jirani aliyenunua sanda. Tena wako wenye imani ya jadi, si wengi, lakini ni wanachama. Ni imamu gani au padre gani atakayewaandikia? Na mjuavyo, mazishi katika nchi hii ni mahali ambapo dini, mila na sheria hukanyagana miguu. Kesi ya S. M. Otieno ya mwaka 1987, ambayo mjane na ukoo waligombania mwili mahakamani hadi ukoo ukashinda, ilitosha kumfundisha kila mtu kwamba chama cha ustawi hakipaswi kuwa mhakimu wa imani ya maiti.

Wako wanaosema kwamba sharti hili likiondolewa, chama kitakuwa cha wapagani. Tumewasikiliza, nao ni watu tunaowaheshimu. Hoja yao yenye nguvu ni hii: kwamba barua ile huwafanya vijana wakumbuke kwamba mtu anahitaji watu wa kumwombea, na kwamba ikiondoka hawatalikumbuka jambo hilo kamwe. Twajibu kwamba tumeiona njia hiyo ikitumika. Ni ileile ya darasa na ubatizo. Ilijaza madaftari, na walioingia kwa ajili ya darasa waliondoka darasa lilipohamia serikalini. Kijana atakayehudhuria ibada ili azikwe kwa fedha za chama ni mtu aliyefundishwa kwamba dini ni malipo ya awali. Hatudhani kwamba mchungaji yeyote mwema humu amtaka muumini wa namna hiyo.

Wengine wameuliza kama basi tuache pia kufungua mikutano kwa sala. Halmashauri haipendekezi hivyo. Yapendekeza kwamba sala ya ufunguzi iwe kwa zamu, ya Mkristo wa dhehebu lolote, ya Mwislamu, au mzee wa jadi akitaka, na asiyeomba akae kimya kwa adabu. Tena, na jambo hili halina kanuni wala haliwezi kuwa nayo, twawaomba viongozi wa dini waliomo humu watupatie watu wao kwa zile kazi mbili zisizo na stakabadhi: kuwatazama wagonjwa wa muda mrefu, hasa wale ambao jamaa zao wako mbali, na kuketi katika kamati ya kupeleleza maombi ya msaada, ambako uongo mdogo huponyoka kila mwezi. Katika mwaka uliopita Katibu aliwatafuta watu sita wa kamati hiyo akapata wawili.

Hoja ya nane itasomwa mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Yataka maneno "barua ya mchungaji, padre au imamu" yaondolewe, na mahali pake paandikwe "kibali cha mazishi, pamoja na sahihi za wanachama wawili waliomjua marehemu". Na fedha zitolewe ndani ya siku mbili, pasipo kungoja kikao. Mwenye marekebisho ayaandike na kumpa Katibu kabla ya chakula cha mchana. Wazee wa kila tarafa watapewa nafasi ya kusema kwanza, kwa utaratibu wa majina, kuanzia Kitui kisha Makueni.